Kigezo Kilichofungiwa Kabatini

Mtwara, Alhamisi, 1 Desemba 1966

Leo nimekabidhiwa kabati. Ni la chuma, rangi ya kijani, lina rafu tatu na ufunguo mmoja tu. Ndani nimekuta daftari la vifaa, pakiti mbili za karatasi za kaboni, mhuri na wino wake, futi ya chuma, kufuli lisilo na ufunguo, na kikombe kilichokatika mkono. Nimeandika vyote na kutia sahihi.

Bwana Abdulrahmani, msimamizi wa karakana, alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. "Ndunguru," akasema, "karani aliyekutangulia alipoteza ramani ya kisima. Hayupo tena. Tumeelewana?"

Nilisema tumeelewana. Nina miezi mitano ya majaribio. Ufunguo nimeutia kwenye uzi, nauvaa shingoni pamoja na medali niliyopewa na mama siku niliyoondoka Mbinga.

Jumatatu, 5 Desemba

Sasa nimeielewa kazi, nami naiandika hapa ili nisiisahau. Huko Mahurunga kinachimbwa kisima. Kijiji kimeongezeka sana tangu watu waanze kuvuka mto kutoka ng'ambo, na wanawake wanachota maji Ruvuma, mahali penye mamba. Udongo wa kule ni mchanga mtupu. Ukichimba bila kujengea kuta, shimo linajifukia lenyewe. Kwa hiyo sisi tunatengeneza makasha ya mbao, yanamiminwa zege, na yanatoka matofali yaliyopinda kama kipande cha pete. Matofali sita yakikutanishwa yanafunga duara. Duara moja juu ya jingine, mara ishirini na nne, mpaka juu.

Ramani mpya, iliyochorwa badala ya ile iliyopotea, imekaa kabatini. Nimeitazama mara mbili leo kuona kama bado ipo.

Alhamisi, 8 Desemba

Leo nimeona kitu kizuri, na sikutegemea kuona kizuri hapa.

Fundi Shaibu ndiye fundi mkuu wa mbao. Kwao Mikindani. Ni mrefu, mwembamba, penseli yake hukaa ndani ya kofia badala ya sikioni. Nilimpelekea ramani nikakaa karibu naye, maana sikutaka aishike peke yake. Aliitazama kidogo, akasema, "Futi mbili kutoka katikati. Unene inchi nne. Haya, irudishe kitandani kwake ikalale."

Akachukua ufito mmoja mnyoofu wa mti wa mkongo. Akapigilia msumari kwenye ncha, akapima futi mbili, akatoboa tundu la penseli. Akaongeza inchi nne, akatoboa jingine. Nikamuuliza kwa nini asitumie kamba.

"Kamba ni mtu muongo, mwanangu. Asubuhi anakwambia futi mbili, mchana amelowa jasho anakwambia nyingine. Ufito hausemi ila ulichousemesha."

Akachora maduara mawili sakafuni, moja ndani ya jingine, kwa mkono usiotetemeka. Kisha akautembeza ufito ule ule juu ya duara la ndani kama mtu anayehesabu hatua: moja, mbili, tatu. Hatua ya sita iliangukia hasa pale alipoanzia. Hata unywele usingepita katikati.

Jambo hili nililisoma shuleni. Nilikariri uthibitisho wake na nikapata alama zote. Lakini sikuwahi kuliona likitembea. Nilimwambia, "Fundi, hii ni jiometri."

"Ni nini?"

"Hesabu ya maumbo."

"Ahaa," akasema. "Basi mwambie mwalimu wako Shaibu anamsalimu."

Kutokana na kipande kimoja cha duara lile alikata kigezo cha plaiwudi. Alikata kwa msumeno nje ya mstari, kisha akala mstari wenyewe kwa randa ndogo na msasa, akikirudisha sakafuni kila mara. Ilimchukua siku nzima. Jioni alikigeuza mara sita kuzunguka duara, na mara ya sita kilikaa kama kifuniko juu ya chungu chake.

Jumatano, 14 Desemba

Mwezi umeandama, wenzangu wengi wamefunga. Mwasiti, anayetuuzia chai na mihogo penye uzio, haonekani mpaka jioni. Saa sita nilikula korosho nyuma ya kabati kama mwizi. Fundi Shaibu akanikuta. Nilitaka kufa.

"Kula, Petro," akasema. "Mfungo ni wangu, njaa ni yako."

Jumamosi, 17 Desemba

Mvua. Paa linavuja juu ya meza yangu lakini si juu ya kabati. Nashukuru.

Jumanne, 20 Desemba

Makasha mawili yamekamilika, yote mawili Fundi Shaibu ameyachora kwa kigezo. Lakini leo nilikikuta kigezo chenyewe dirishani, kimeegemezwa mvua inakinyeshea, na juu yake kopo la gundi! Nikakipangusa, nikakipa namba, nikakiingiza kwenye daftari, nikakifungia rafu ya pili.

Fundi Shaibu alipokuja kukitafuta nilimweleza kwamba tangu leo kitatoka kwa sahihi yake tu.

"Unakifunga? Kimeiba nini?"

"Hakijaiba, Fundi. Ni mali ya serikali."

Josephu, fundi wa pili, alicheka mpaka akakaa chini. Fundi Shaibu alinitazama kwa huruma. "Haya. Kikiugua utatuita," akasema, akaenda zake.

Usiku wa leo nitalala vizuri kuliko siku zote tangu nifike.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani tuliimba vizuri. Mwasiti kaniletea wali wa nazi na samaki, kasema karani asile sikukuu peke yake kama bundi.

Jumatatu, 9 Januari 1967

Fundi Shaibu ameenda Mikindani kumalizia mfungo na kula Idi kwa mama yake. Atarudi tarehe kumi na nane. Mvua za kila siku.

Jumanne, 10 Januari

Josephu alikuja kuomba kigezo ili atengeneze kasha la tatu. Nilimwonyesha daftari: kinatoka kwa sahihi ya Fundi Shaibu, naye hayupo.

"Sasa nichoree nini? Kidole?"

Nikafikiri. Nikamwambia achukue ubao wa chini wa kasha la pili, auweke juu ya ubao mpya, azungushe penseli. Ni nakala ya kigezo, na nakala ina nguvu sawa na barua yenyewe mradi imetoka sawasawa. Hivyo ndivyo tunavyofanya ofisini. Josephu akainua mabega. "Wewe ndiye serikali," akasema.

Nimefurahi kwamba nimeamua jambo bila kumwuliza Bwana Abdulrahmani.

Jumanne, 17 Januari

Makasha yote sita tayari. La nne Josephu alilichora kwa ubao wa la tatu, la tano kwa wa la nne, la sita kwa wa la tano, kwa sababu kila kasha likikamilika lilikwenda uwanjani kwa watu wa zege. Anatumia ile penseli bapa ya maseremala, na mkono wake ni mwepesi. Bwana Abdulrahmani ameyaona yamepangwa, akasema "Vizuri." Neno hilo moja tu, lakini nimeliandika.

Ijumaa, 20 Januari

Zege limeanza. Matofali sita kwa siku. Kwa kuogopa yasiibwe wala kuchanganywa, nimeagiza kila tofali lipakwe rangi nyekundu ubavuni: namba ya kasha lililolizaa, na tarehe.

Josephu: "Hata ng'ombe hawapigwi chapa namna hii."

Fundi Shaibu, aliyerudi juzi na halua mfukoni: "Mwache. Siku moja tofali litapotea njia, watu watasoma watalirudisha kwao."

Jumatano, 8 Februari

Redioni ni Azimio, barabarani ni Azimio. Hapa ni zege. Matofali mia moja na nane mpaka leo. Nimegundua kwamba naipenda harufu ya mbao iliyolowa.

Jumanne, 14 Februari

Mia moja arobaini na nne. Tumemaliza. Mwasiti kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Sikujua nacheka.

Jumatano, 1 Machi, Mahurunga

Naandika ndani ya lori, mwandiko utakuwa mbaya.

Tulifika saa nne, mimi, Bwana Abdulrahmani na Fundi Shaibu, matope mpaka kwenye ekseli. Shimo limefika futi ishirini na nne na maji yameanza kuonekana chini. Mchimbaji ni Jumanne, mtu mfupi mwenye mabega kama mlango. Wanawake waliokuwa wakibeba kokoto waliongozwa na Bi Saumu, naye hanyamazi. Alipoona matofali yenye namba nyekundu aliuliza kama na kisima kitasomeshwa shule.

Fundi Shaibu alitaka duara la kwanza lipangwe juu kwanza, kwenye uwanja, kabla ya kushusha. Nikachagua mwenyewe: tofali moja kutoka kila kasha, la kwanza mpaka la sita. La kwanza likakaa. La pili likakaa. La tatu, la nne, la tano. Jumanne akainua la sita, akalipeleka kwenye nafasi yake, na halikuingia.

Akaligeuza. Halikuingia. Wakasukuma yote, wakapangua, wakapanga upya. Halikuingia.

"Mgeni ni mnene kuliko mlango," akasema Bi Saumu, na wanawake wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, maana waliona nyuso zetu.

Nilipima kwa futi ya chuma, kwa sababu nilihitaji kufanya kitu kwa mikono yangu. Tofali lilizidi nafasi kwa inchi moja na robo.

Bwana Abdulrahmani hakupiga kelele. Alimgeukia Fundi Shaibu. "Ulipima?"

"Kasha likitoka kwenye karakana yangu ni la kwangu," akasema Fundi Shaibu. "Kosa pia."

"Sikukuuliza kosa la nani. Nakuuliza, unaona? Macho yako yanaona?"

Fundi Shaibu alikuwa ameinama juu ya tofali la sita, anapapasa kingo zake kwa kidole gumba, polepole. Kisha akanitazama mimi. Akaondoa macho.

Jumanne alisema shimo haliwezi kungoja. Mvua kubwa mbili tu na mchanga utashuka, na yeye hatashuka tena mle kabla ya kiangazi. Bi Saumu alisema kiangazi ni mbali, na mamba hawajui kalenda. Hakusema kwa utani.

Ijumaa, 3 Machi

Leo Bwana Abdulrahmani ameniambia nipige taipu barua kwenda makao makuu. Nimeipiga. Inasema fundi mkuu wa mbao, kwa sababu ya umri na upungufu wa macho, ameharibu matofali mia moja arobaini na nne, na inaombwa astaafishwe mwisho wa mwezi huu. Nakala mbili. Itaondoka na posta ya Jumatatu saa nne.

Nilikosea herufi mara tatu. Mimi huwa sikosei. Nilipoichomoa karatasi ya kaboni niliitazama nakala: kila neno lipo mahali pake, jina lake lipo mahali pake, si kubwa wala dogo kuliko la karatasi ya juu.

Ndipo mawazo yangu yakasimama mahali ambapo sikutaka yasimame. Nakala ya karatasi haikui. Ya mbao je?

Sikuthubutu kufungua kabati. Nilienda nyumbani. Fundi Shaibu alikuwa kwenye geti la karakana anafunga kamba ya kiatu. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, mwanangu. Mbona umekunjamana kama karatasi iliyonyeshewa?" Nikasema naumwa kichwa.

Jumapili, 5 Machi

Baada ya misa nilikwenda karakana. Hapakuwa na mtu ila Mwasiti anafagia kibanda chake. Nikafungua kabati, nikatoa kigezo bila sahihi ya mtu yeyote, nikapiga magoti mbele ya makasha yaliyorudishwa kutoka uwanjani, kwa nguo zangu za kanisani.

Kasha la kwanza: kigezo kimekaa sawasawa. La pili: sawasawa.

La tatu: ubao umezidi kwa thumni ya inchi, sehemu moja ya nane.

La nne: robo.

La tano: thumni tatu.

La sita: nusu inchi.

Nilijumlisha kwa penseli juu ya sakafu, ingawa nilikuwa nimeshajumlisha kichwani. Inchi moja na robo. Ile ile ya Mahurunga.

Josephu alizungusha penseli nje ya ubao, kama mtu yeyote angefanya, na akakata akiuacha mstari. Unene wa mstari upande huu, unene wa mstari upande ule. Kasha la tatu likazaliwa nene kidogo kuliko mzazi wake, la nne likazidi la tatu, na kuendelea. Fundi Shaibu hula mstari, halafu anarudi kwenye kigezo kuuliza kama amekula sana au kidogo. Josephu hakuwa na pa kuuliza. Pa kuuliza palikuwa rafu ya pili, na ufunguo ulikuwa shingoni kwangu.

Niliketi pale muda mrefu. Niliwaza mambo ya aibu, na nitayaandika. Niliwaza kwamba barua imeshapigwa. Niliwaza kwamba Fundi Shaibu ana shamba la minazi na mimi sina. Niliwaza kwamba hakuna anayejua. Kisha nikamkumbuka alivyopapasa ule ukingo kwa kidole gumba, akanitazama, akaondoa macho.

Anajua. Tangu Jumatano anajua.

Mwasiti alichungulia dirishani. "Karani, unaswali kwa nani humo, kwa mbao?"

"Nahesabu, dada."

"Ukimaliza njoo unywe chai. Uso wako umeisha."

Jumatatu, 6 Machi

Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Bwana Abdulrahmani na kigezo mkononi. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, lakini niliiacha mfukoni. Nikasema tu. Nilisema kigezo nilikifunga mimi, Josephu alikiomba nikamnyima, na kuchorea kwa ubao wa kasha niliamuru mimi. Nikamwonyesha hesabu.

Bwana Abdulrahmani akaagiza Fundi Shaibu aitwe.

"Fundi, ulikuwa unajua?"

"Nilijua pale pale kisimani. Kidole hakihitaji miwani."

"Mbona hukusema?"

"Karani ana miezi mitano ya majaribio. Mimi nina miaka ishirini ya majaribio, nimezoea." Akavua kofia, akaitazama penseli ndani yake. "Na tena, Bwana, mimi nilirudi kutoka Idi nikakuta makasha sita yamejipanga kama maharusi. Nikasema alhamdulillahi badala ya kushika ufito. Hilo halikufungiwa kabatini. Hilo ni langu."

Bwana Abdulrahmani alifunga macho. Niliona mwaka wangu wa mwisho wa shule, safari ya basi kutoka Songea, mama, vyote vikirudi nyumbani.

"Shimo linabomoka," akasema. "Nani ana la kufanya?"

Hapo ndipo niliposema, sijui kwa sauti ya nani: "Namba nyekundu, Bwana."

Matofali ya kasha la kwanza na la pili hayana kosa. Ishirini na manne kila kasha, jumla arobaini na manane. Yakipangwa peke yake ni maduara nane kamili, futi nane kutoka chini, pale ambapo maji na mchanga vinasukumana. Na kila tofali limeandikwa limezaliwa wapi.

Walinitazama wote wawili.

"Na yale mengine," akasema Fundi Shaibu taratibu, "zege halijakomaa sana. Ukiweka kigezo juu, ukapiga mstari, tindo na nyundo vitapunguza ncha. Hakuna la kutupa. Jasho tu."

Bwana Abdulrahmani aliichukua barua kutoka kwenye trei ya posta, nakala zote, akaichana mara nne. "Ndunguru, utapiga tindo na wewe. Kila siku baada ya kazi ya ofisi. Kuhusu majaribio yako, tutaona mwezi wa nne."

Nje Fundi Shaibu alinipiga begani. "Umeona? Kilikuwa kimeugua kweli. Ungetuita mapema."

Alhamisi, 9 Machi, Mahurunga

Duara la kwanza limefunga. Ni matofali ya kasha la kwanza, yote sita. La mwisho liliingia kwa mlio mdogo, kama mlango wa chumba kipya. Jumanne alipiga ukelele kutoka chini. Bi Saumu aliangalia shimoni, akasema, "Kumbe mgeni alikuwa anafunga. Amekonda."

Tumeshusha matatu kabla ya mvua.

Jumapili, 12 Machi

Maduara nane yamekaa. Usiku wa jana mvua ilinyesha sana. Leo asubuhi Jumanne ameleta habari kwa lori: mchanga umeporomoka upande wa juu tu, kuta za chini hazijaguswa.

Alhamisi, 16 Machi

Tindo. Malengelenge manne. Mkono wa kulia hauwezi kushika kalamu vizuri.

Jumatatu, 20 Machi

Tindo. Josephu kanifundisha kupiga kidogo kidogo, tofali lisije likapasuka. Hajanitania hata mara moja wiki hii, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nangoja mkono wako upone."

Jumapili, 26 Machi

Pasaka. Mwasiti kaniambia mikono yangu sasa ni ya mtu. Nimemuuliza zamani ilikuwa ya nani.

Jumatano, 12 Aprili, Mahurunga

Duara la ishirini na nne limekaa leo saa saba. Fundi Shaibu aliutoa ufito wake, ule ule wa Desemba, akautembeza juu ya ukingo wa kisima: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kabla ya sita akanipa mimi. Niliushusha. Msumari uliangukia hasa pale alipoanzia.

Bi Saumu alichota ndoo ya kwanza. Maji bado yana vumbi la zege, lakini alinawa uso, akayanywa yaliyobaki kwa kiganja. Alisema yana ladha ya serikali. Wanawake wakacheka mpaka mwisho safari hii.

Jumamosi, 29 Aprili

Barua yangu imetoka. Nimethibitishwa kazini. Niliipiga taipu mimi mwenyewe, kwa amri ya Bwana Abdulrahmani, aliyesimama mlangoni mpaka nikamaliza.

Kisha nimefanya hesabu ya kabati ya mwisho wa mwezi, kama ilivyo desturi. Daftari la vifaa, lipo. Karatasi za kaboni, pakiti moja. Mhuri na wino, vipo. Futi ya chuma, ipo. Kufuli bila ufunguo, lipo. Kikombe kisicho na mkono: anakitumia Fundi Shaibu kwa chai.

Kigezo cha tofali, kimoja: ukutani, juu ya meza ya seremala, kwenye msumari, mahali mkono wa kila mtu unapofika. Kingo zake zimeanza kuwa nyeusi kwa kushikwa. Kila asubuhi nakiweka juu ya lile duara la sakafuni. Mpaka leo kinakaa.